Kifua cha Anfiti Kwenye Kamba ya Nguo

Benchi letu lilikuwa la kanisa. Kanisa lenyewe lilipasuka katikati kwa ugomvi wa mpiga kinanda, kila upande ukabeba mabenchi yake, na hili moja likagombaniwa mpaka Mama Marthe akasema basi, likae kwangu mpaka Yesu arudi aamue. Yesu bado. Kwa hiyo hapa Base Camp, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mbele ya kibanda chake cha kahawa, wanaume wazima tunakalia kiti cha Bwana na kutoa hukumu juu ya mambo ya watu. Mimi wananiita Licencié. Nina digrii ya Maendeleo ya Jamii kutoka chuo kimoja cha Mbarara, na jamii niliyoiendeleza mpaka leo ni hii ya benchi. Mashirika yote yanataka kijana mwenye uzoefu, na uzoefu wanao wapwa wa wakubwa. Kulia kwangu hukaa Maître Laurent, Mkongomani wa Fizi, ambaye uwakili wake wote aliupata siku alipotoa ushahidi wa mbuzi kortini na hakimu akamwambia umeongea vizuri, sasa kaa chini. Kushoto ni Astère, Mrundi, katekista. Mwisho kabisa ni Afande Kabanda, mwenyeji wa kijiji cha Masha hapa jirani, aliyekuwa analinda geti la shirika moja mpaka geti likaibwa. Vikombe ni vitatu. Anayemaliza anampa jirani, na usafi tunamwachia Mungu na karai moja la maji.

Ijumaa hiyo alikuja Elisée, amekumbatia bahasha kubwa ya kaki kama mtoto mchanga. Elisée sisi tunamwita Anfiti. Ndilo neno lililokuwa kwenye muhuri waliompigia huko Ghuba, alikokuwa akilinda duka kubwa la viatu: anfiti, hafai. Alipoingia nchi ile walimtoa damu tu, na picha ya kifua wakakubali aliyotoka nayo huku. Baada ya miaka miwili, wakati wa kumwongezea kibali, wakampiga picha yao wenyewe. Wakaona kivuli kwenye pafu. Wakachukua alama za vidole vyake, wakampandisha ndege akiwa bado amevaa sare ya duka, na kwenye kompyuta wakaandika asirudi maisha yake yote. Mkewe, Gisèle, alibaki hukohuko, anafanya kazi za ndani kwa madamu mmoja mitaa miwili kutoka duka la viatu. Ijumaa walikuwa wanakutana kwenye bustani na kula mkate. Sasa Ijumaa ni ya simu.

– Leo njo mwisho, akasema Anfiti hata kabla ya kukaa, na kwao "njo" ni "ndiyo". Ajenti ya safari amepiga. Rufaa inaenda Kampala Jumatatu. Banataka picha ile ya mbele ya safari, ioneshe nilitoka huku muzima. Nikikosa, marufuku inabaki mpaka kaburini. Na Gisèle ameshasaini mukataba mwingine.

– Na picha iko? Maître akauliza.

– Njo hii.

– Toa. Lakini polepole. Iyo ni pièce à conviction, kitu cha kuonesha korti. Usiweke kidole fasi ya mapafu.

Kila mmoja alitaka kuishika, na mikono yetu ilikuwa na mafuta ya mandazi. Astère ndiye aliyeokoa. Alitoa vibanio viwili kwenye kamba ya nguo ya Mama Marthe na kuitundika kati ya kitenge na shati la shule, jua likiwa nyuma yake. Kifua kikang'aa mbele ya kambi nzima.

– Mie simo, akasema Mama Marthe, akatupa mgongo na kuangalia jiko lake. Mifupa ya mutu ni siri yake na Mungu wake. Niko nauza kahawa.

Tukasimama mbele ya picha, mikono nyuma, kama wageni wa serikali. Mbavu nyeupe, mapafu meusi, safi kama sufuria mpya. Kivuli hakuna. Ila chini ya kila pafu palikuwa na mstari mwembamba mweupe uliopinda kama mundu. Katikati, kwenye uti wa mgongo, vidoti viwili vikali. Na karibu na kila bega, kiduara kidogo.

– Hii ni nini? Afande akauliza.

– Diaphragm, ule msuli wa pumzi, nikasema, kwa sauti ile niliyolipiwa karo.

– Diaphragm iko ya chuma?

– Afande, hii ni eksirei. Kila kitu kinang'aa.

– Licencié, acha batu basome, akasema Maître. Hayo ni mabano. Daktari akiweka kitu ndani ya mabano, anasema: kilicho humu kisiguswe. Hizi nukta mbili ni za kusema angalia vizuri. Iyo ni langue, luga ya bamuganga bote, toka Bukavu mpaka Bruxelles.

– Yemwe, akasema Astère. Miye naona miezi. Miezi miandamo miwili. Huyu mtu Mungu alimwandikia nchi ya Waarabu ndani ya mbavu, na wao wamemrudisha. Deni hilo watalilipa wao siku ya mwisho.

Afande alicheka kwa pua.

– Nyinyi hapana jua kitu. Mimi nimelinda geti. Mtu ikipita na chuma, mimi naona. Hii ni waya. Hii ni skurubu. Sebo Anfiti, nani iliweka waya ndani yako?

Anfiti akajishika kifua.

– Hakuna mutu, Afande.

– Kale, sawa. Basi iliwekwa wewe ukilala. Wale Warabu iliona antena, ikasema huyu ni jasusi ya Uganda. Jasusi hapana ambiwa jasusi. Inaambiwa mgonjwa, ndiyo nchi isipigane.

Anfiti mwenyewe alianza kuiangalia picha kwa jicho jipya, kama mtu aliyeambiwa ana ndugu tajiri. Kisha akakohoa. Tulisubiri amalize, kama mtu anavyosubiri lori lipite, tukaendelea.

– Ulipigwa wapi picha hii? nikamuuliza.

– Mbarara. Kliniki ya rafiki ya ajenti. Miye na Gisèle siku moja. Yeye aliingia asubuhi. Zamu yangu ikafika umeme umekatika.

– Na wakakupiga bila umeme?

– Fundi aliniambia vua shati, shika pumzi. Nikashika. Akasema tayari.

– Walikuwa na jenereta?

– Sikuisikia.

– Ile ya kisasa hapana piga kelele, akasema Afande, na jambo likaisha hapo, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyekuwa na jenereta.

Tulirudi kukaa, na Mama Marthe akapitisha vikombe. Anfiti akanywa nusu, akampa Maître. Maître alikunywa huku akiniangalia mimi.

– Licencié, ile rufaa umemaliza?

– Kurasa kumi na moja, nikasema. Kila aya inaanza na "whereas." Karani akifika ukurasa wa tatu atafungua mpaka wa nchi mwenyewe.

– Bien. Na weye Anfiti, toka urudi hujajipima, ni vile?

– Weye njo ulinikataza.

– Voilà. Nilimukataza. Juu ya nini? Mutu hapelekee adui ushahidi. Ukijipima na bakute kivuli, umejishitaki. Ukijipima na bakute hakuna, batasema umekunywa dawa, kumbe ulikuwa nacho. Dossier safi, faili safi, ni ile haijaguswa.

– Lakini Maître, nikasema, hatua ya kawaida si angepigwa picha nyingine?

– Kawaida ni ya batu ba kawaida. Huyu amefungiwa maisha.

Nikaendelea kupanga kurasa zangu. Alikuwa ameisifu rufaa yangu, na mimi kusifiwa ni mara chache. Mara ya mwisho ilikuwa mahafali.

Afande alikuwa bado na antena yake moyoni, lakini akaona asibaki nyuma kwenye sheria.

– Marufuku inakaa wapi? akauliza.

– Ku kompyuta.

– Hapana. Inakaa kwa kidole. Walipiga kidole gani?

– Yote kumi.

– Ya mkono. Ya mguu walipiga?

– Apana.

– Sasa. Wewe fika pale ndege inashuka, sema mkono iko na kidonda. Vua kiatu, weka mguu kwa mashine. Ile mguu hapana julikana. Ni mgeni kabisa.

– Afande, nikasema, umtolee afisa wa uhamiaji mguu?

– Kwa heshima. Naosha kwanza.

– Na akirudi kutoka, atatoka na mguu pia? Astère akauliza.

– Kila siku mguu. Ndiyo jina yake mpya.

Astère alitikisa kichwa. Yeye njia zake hupitia mbinguni, na ni ndefu kidogo.

– Nyie mnapigana na neno msilolisoma. Wamesema marufuku ya nini? Ya maisha. Maisha yakiisha, marufuku inaishaje? Inaisha nayo. Basi afe.

Anfiti akaacha kutafuna.

– Afe kwa karatasi tu, Astère akamtuliza. Tunakupigia misa, tunazika kitu kidogo badala yako, mgomba hata, tunakupatia cheti cha kifo. Tunakituma kule, wanakufuta. Halafu unafufuka. Lazaro alipotoka kaburini, kuna mtu alimuuliza deni la zamani?

– Na Gisèle? akauliza Anfiti. Anakuwa mujane?

– Kwa muda. Ukifika unamchumbia upya.

– Mahari je?

– Hiyo ni ya familia, kanisa haliingilii.

– Munacheza, akasema Maître, akaweka kikombe chini, na tulijua sasa inakuja kubwa. Musikilize sheria. Picha hii inasema nini? Inasema alitoka Nakivale safi. Ni vile ao si vile?

– Ni vile, tukajibu kama kwaya.

– Kivuli kilionekana fasi gani?

– Kule.

– Basi kivuli ni cha kule. Kilizaliwa kule, kinaongea Kiarabu. Ni bo balimuambukiza. Hatuendi kule kuomba ruhusa. Tunaenda kuwashitaki, La Haye, ku mahakama ya dunia. Tunadai balipe, tunadai bamurudishe kazini, na tunadai bachukue kivuli chao. Rapatriement ya kivuli, kirudi kwabo, na tikiti balipe bo.

Nitasema ukweli: nywele zilinisimama. Mtu wa ushahidi wa mbuzi alikuwa ametoa hoja ambayo maprofesa wangu, pamoja na magari yao, wasingeifikia. Picha safi ya huku, picha chafu ya kule. Nikatoa kalamu kuanza ukurasa wa kumi na mbili. Anfiti alisimama wima kuliko nilivyowahi kumwona tangu arudi, na akatazama kifua kile kwenye kamba kama mtu anayeangalia nyumba yake imeezekwa. Afande alipokea kikombe kutoka kwa Maître na kusema hata antena wailipe.

Simu ikaita. Ijumaa mchana madamu hulala, na Gisèle hupata dakika chache za kukaa kwenye chumba cha kufulia na kuongea kwa sauti ya chini. Uso wake ukatokea, mashine ya kufua nyuma yake.

– Jambo ba papa, akasalimia. Elisée, umekula?

– Acha chakula. Gisèle, tumeshinda. Maître amepata njia. Angalia picha ya kifua changu, ile ya Mbarara. Safi kabisa. Njo tunaituma Jumatatu.

Akageuza simu kuelekea kamba ya nguo. Jua lilikuwa limesimama sawasawa nyuma ya picha, na kila ubavu ulisomeka.

Uso wa Gisèle ukasogea mpaka ukajaza kioo cha simu.

– Sogeza karibu, akasema Gisèle.

Akasogeza.

– Shusha kidogo. Hapo. Elisée.

– Niko, mama.

– Huyo mwanamuke ni nani?

Afande aligeuka kuangalia nyuma yake. Nyuma yake palikuwa na mbuzi.

– Mwanamuke fasi gani? akauliza Anfiti. Tuko babaume batupu hapa.

– Wa iyo picha. Hizo ni waya za sutie. Vifungo vya mugongo hivi viwili, na vile vya mikanda ku mabega. Weye umeanza kuvaa sutie lini?

Mama Marthe, aliyekuwa ametupa mgongo muda wote, aligeuka. Aliangalia mara moja. Akakaa chini kwenye kigoda, akauma pindo la kitenge chake, na mabega yakaanza kumtikisika bila sauti. Ndipo na sisi tukaiona sidiria. Ukishaiona huwezi kuiondoa tena. Mabano yalikufa, miezi ikazama, antena ikazimika, na diaphragm yangu ikaondoka pamoja na miaka mitatu ya chuo. Wanaume wanne wenye wake na dada, tumeitolea tafsiri sidiria saa nzima.

– Elisée, nimekuuliza.

– Gisèle, naapa. Miye nilivua shati. Nilishika pumzi. Fundi akasema tayari.

– Kulikuwa na umeme?

Anfiti alifungua mdomo. Tuliona umeme ukikatika tena usoni mwake, taratibu, chumba kwa chumba.

– Apana, akasema. Ulikuwa umekatika.

– Kwa hiyo alikupiga na nini?

– Sijui.

– Sogeza tena picha. Kifungo cha chini. Kimepinda?

Astère, mwenye macho mazuri, akainama.

– Kimepinda, ego. Kuelekea kushoto.

Gisèle alishusha pumzi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikalegea.

– Ni miye. Nilikikunja na meno asubuhi ile, kilikuwa kinanichoma. Fundi aliniambia nisivue, tutachelewa. Wamekupatia kopi yangu.

Hakuna aliyecheka. Sisi tunaokaa naye tunajua: tangu afukuzwe, Anfiti analala na bahasha hiyo chini ya godoro, upande ule mkewe aliokuwa analala.

Alinyoosha kidole kuigusa picha, akakirudisha, akakumbuka alichoambiwa na Maître juu ya fasi ya mapafu.

Maître ndiye aliyezinduka kwanza. Wakili wa kweli hata akizikwa anaomba ahirisho.

– Hakuna problème, akasema. Ndoa yenu ni ya commune, ya serikali?

– Ya commune na ya kanisa, akajibu Anfiti.

– Très bien. Communauté de biens. Mali ya bibi ni ya bwana. Kifua cha bibi ni cha bwana. Dossier iko sawa. Licencié, andika.

Na mimi, msomi mzima, kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi.

– Papa Laurent, pardon, akasema Gisèle kutoka kwenye simu. Elisée, na kifua chako?

– Changu kimefanya nini? akauliza Anfiti, akikaa kando yangu kwenye benchi.

– Toka ufike huko, nani amekiangalia?

Anfiti alimwangalia Maître. Maître aliniangalia mimi. Mimi niliangalia kurasa zangu kumi na moja, ambazo zilikuwa na sheria ya kimataifa, utu wa binadamu, na nukuu mbili za Kilatini.

– Nauliza kitu kidogo, akasema Gisèle. Uko mugonjwa ao uko muzima?

Kwenye benchi kanisa lilikuwepo, sheria ilikuwepo, geti lilikuwepo, chuo kikuu kilikuwepo. Tulikuwa tumemtafutia huyu mtu njia ya kupita La Haye, ya kupita kaburini, ya kupita kwa mguu. Swali hilo hakuna aliyekuwa amelipitia.

– Unakohoa?

– Vumbi, akasema Anfiti. Nakivale unaijua.

– Usiku pia ni vumbi?

Anfiti aligeuza uso kando ya simu.

Afande Kabanda alikuwa ameinua kikombe kufika mdomoni, kile kilichotoka kwa Anfiti kikapita kwa Maître. Alikitazama. Akakiweka chini ya benchi polepole, kama mtu anayetega mtego, akajisogeza mpaka ncha ya benchi, halafu akasema anakumbuka ng'ombe wake Masha, ingawa hakuondoka. Maître alijifuta midomo kwa nyuma ya mkono. Astère alifanya ishara ya msalaba, ndogo, ya mfukoni. Mimi nilikuwa nimekaa bega kwa bega na Anfiti na sikujisogeza. Msinipigie makofi, upande wa pili alikaa Maître, nafasi ilikuwa imekwisha.

Mama Marthe alisimama. Alikusanya vikombe vitatu bila neno, akavizamisha kwenye sufuria iliyokuwa inachemka, ile ya kahawa, akafunika. Kahawa ikawa imeisha, na jua halijafika hata nusu ya kushuka.

– Jumatatu iyo picha haiendi Kampala, akasema Gisèle. Weye njo unaenda. Unaenda Mbarara, hospitali kubwa, si kwa rafiki ya mutu.

– Madame, akasema Maître, kisheria huo ni ushahidi dhidi ya…

– Papa, miye ni bibi yake, si mahakama.

– Na bakikuta kivuli? akauliza Anfiti. Alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili. Kisha hautaniona tena.

– Kama kiko, kiko toka siku ile, tuongee ao tunyamaze. Kinatibiwa. Kisipotibiwa njo sitakuona tena.

Mlango ulisikika ukifunguliwa kule kwake, na sauti ya mwanamke ikaita jina ambalo halikuwa Gisèle, jina walilompa wenyewe kwa sababu lake liliwashinda. Akaitika. Akasimama haraka, tukaona dari, taa, kisha jicho lake moja karibu sana.

– Elisée.

– Niko.

– Mbele ya kuvua shati, uliza kama umeme uko.